Milembe Kwenye Shuka Jeupe

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za Klabu ya Urafiki hapa Bariadi, nikarudi nyumbani na kanga mbili, saa ya ukutani, na keki ambayo wajukuu waliimaliza kabla sijavua viatu. Katibu wenu wa sasa aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki. Aliniambia, "Bibi Kabula, tuandikie tu ulivyoanza na ulivyopanda." Kupanda sikupanda sana, na mshahara wangu haukuwa wa kuandikiwa habari. Nitaandika kazi yenyewe. Watu wengi wanadhani kazi ya urafiki wa mataifa mawili ni chai, hotuba na kupeana vinyago. Chai ilikuwepo, sukari ikipatikana. Lakini mimi kazi hii ilinishtua kuliko yake ilivyomshtua yule dada yangu aliyekuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, na tukikutana tulikuwa tunashindana kusimuliana.

Nilianza miaka ile ya Ujamaa, huku kwetu kukiwa bado Mkoa wa Shinyanga na hakuna aliyeota kwamba siku moja tutaitwa Simiyu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Mwanza, nakaa nyumbani nikisubiri baba aamue niwe mwalimu au niolewe. Siku moja nilitumwa mjini kununua chumvi dukani kwa Mzee Athumani. Mlangoni kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga: anatakiwa mtu anayejua Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza, mwenye adabu na sauti. Nikauliza ni kazi gani. Mzee Athumani akanitazama juu ya miwani.

"Unaweza kusema kwa sauti watu wa nyuma wakasikia?"

"Naweza."

"Sema hapo ulipo, yule fundi cherehani ng'ambo ya barabara akusikie."

Nikapaza sauti kwa salamu yetu ya asubuhi: "Mwangaluka, baba!" Fundi akainua mkono, akaitikia. Nikawa nimeajiriwa. Chumvi niliisahau, nikarudishwa kuifuata.

Mzee Athumani hakuwa Msukuma. Wazee wake walitoka Ujiji, mke wake alitoka Tabora, na yeye mwenyewe ujana wake aliupitisha Mwanza, akiendesha mashine kwenye jumba moja la sinema. Alikuwa mwenyekiti wa Klabu kwa sababu Klabu ilikutana katika chumba cha nyuma cha duka lake. Wanachama walikuwa watu wa kawaida: yule fundi cherehani, mwalimu mkuu mmoja, mganga msaidizi, wakulima wawili wa pamba kutoka Mkula ambao walikuja kwa baiskeli. Kule Denmark nako kulikuwa na wenzao, wakulima, walimu, na mama mmoja muuza maua, wanaojilipia ada ili wawe marafiki zetu. Haikuwa serikali na serikali. Ilikuwa watu na watu, na nikiri kwamba mwanzoni sikuelewa kwa nini mtu alipie kuwa rafiki wa mtu asiyemjua. Miezi ya mwanzo urafiki wa mataifa mawili, kwa upande wangu, ulikuwa ni kufagia.

Mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Kuhusu ukalimani alisema jambo moja tu: "Usimsaidie msemaji. Akisema upumbavu, wewe utoe upumbavu wake kama ulivyo. Ukianza kumtengenezea, kesho watampenda mtu ambaye hayupo." Kuhusu mashine ya sinema alisema mambo mengi sana. Tulikuwa na mashine moja ya filamu nyembamba, zawadi kutoka kwa wenzetu, na jenereta iliyonguruma kama trekta. Alinifundisha kupiga mswaki ule mlango mdogo ambamo filamu hupita, kwa brashi laini ya kunyolea ndevu, maana punje moja ya vumbi la Bariadi humchora mtu kovu usoni urefu wa ghala. Alinifundisha kuacha kitanzi cha filamu juu na chini ili isikatike, kuunga iliyokatika kwa dawa yenye harufu ya ndizi mbivu, na kutoigusa balbu kwa vidole vitupu. Pazia letu lilikuwa shuka jeupe la hospitali, tulilopewa na mganga msaidizi, na ambalo mihuri yake ilitokea kwenye mashavu ya kila Mdenmark tuliyemwonyesha.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa wa ng'ombe. Alikuja mgeni mmoja kutoka Denmark, bwana mkulima mrefu, tukaenda naye upande wa Sapiwi kuonyesha, ndani ya ghala la pamba, filamu ya ufugaji wa kwao. Wazee walikuja wengi. Walipoona ng'ombe wenye viwele vikubwa kama mitungi walipiga vigelegele, wanaume wazima. Kisha mzee mmoja akasimama, akauliza, "Ndama wako wapi?" Nikatafsiri. Mgeni akajibu kwa furaha tu kwamba ndama hutengwa na mama yake siku anayozaliwa, maziwa yote yaende kiwandani. Nilianza kutafuta neno la kulainisha. Mzee Athumani akanigusa kiwiko. Nikasema kama ilivyosemwa.

Ghala lililipuka. Akina mama walishika vinywa. Kuna aliyetoka nje kabisa. Yule mzee akamsogelea mgeni, akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akaniuliza mimi: "Na hawa ndio marafiki tuliotafutiwa?"

Mzee Athumani akamjibu kwa Kisukuma chake cha dukani, "Rafiki si lazima awe na akili, baba. Wewe mwenyewe una marafiki."

Wakacheka, mkutano ukapona. Lakini mimi usiku niliota ndama.

Miaka miwili hivi baadaye akaja Inge. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Denmark, mwanachama wa kawaida, ameweka akiba yake mwenyewe ya nauli. Mfupi, mwenye nywele za kijivu zilizokatwa kama za mvulana, na mgongo wake ulikuwa umebeba kamera ya sinema, ile ya kuzungushwa ufunguo kama saa ya mezani. Haikunasa sauti, picha tu. Hakutaka kukaa mjini. Alitaka kuishi na watu, basi tukampeleka kwa mzee Mayunga, kule kwenye kaya zilizotawanyika nje ya Sapiwi, nami nikaenda kama mdomo wake.

Kaya ya Mayunga ilizungushiwa ua wa minyaa mirefu iliyopandwa na babu yake. Ndani kulikuwa na nyumba za duara tatu, zizi katikati, na ng'ombe ambao Mayunga aliwajua kwa majina na kwa tabia. Mayunga alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno yote ya kaya ile yalikuwa kwa mke wake, Milembe. Mama yule alikuwa mnene, mwenye pengo la mbele, na alizungumza akisaga, akikamua, akifagia, akisalimia. Mtu akimwamkia "Mwangaluka, mayu," yaani mama, alijibiwa kwa habari za wiki nzima.

Inge alipotoa kamera, wazee wa jirani walimwonya Milembe. Walisema kile kitu kinachukua kivuli cha mtu, na asiye na kivuli hakai sana. Milembe aliwacheka. "Kivuli changu ni kikubwa," alisema. "Achukue kipande, kitabaki cha kutosha." Akakaa kwenye jiwe lake la kusagia, akaendelea na kazi, akimtazama Inge moja kwa moja na kumwongelesha mfululizo kana kwamba yule mama anaelewa. Nami nilisimama pembeni nikitafsiri mbio mbio mpaka koo likakauka. Kila jioni walikaa wawili hao kwenye kibaraza, hawana lugha hata moja ya pamoja, mimi nimekwenda kuoga, na nikirudi nilikuta wanacheka. Mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini, na iliniuma kidogo kwamba kazi yangu haikuhitajika.

Inge akaondoka na kamera yake. Muda si mrefu ikaja amri ya watu wote kuhamia vijijini, wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Sitaandika sana juu ya jambo hili. Wapo waliofurahi na wapo waliolia, na kijiji kipya nilikiona kikipata shule kweli. Lakini kuhama kwenyewe kulifanywa haraka, na kaya za zamani zilibomolewa ili mtu asirudi. Watu wa kwa Mayunga waling'oa milango yao, wakang'oa na minyaa, wakafika sehemu mpya iliyopimwa kwa kamba, mistari minyoofu kama shamba la pamba. Mvua iliwakuta hawajaezeka. Milembe alishikwa na homa ya mapafu. Nilipopata habari, nikapanda lori la kiwanda cha kuchambulia pamba kwenda kumwona, nilikuta wameshamzika.

Mayunga alikuwa amekaa nje ya nyumba isiyo na paa. Nilimpa pole. Aliitikia, akauliza hali ya baba yangu, akauliza pamba imeshikaje upande wa kwetu. Jina la mke wake halikutoka mdomoni mwake siku ile, wala, nilivyoambiwa na watoto wake, siku zilizofuata. Hapakuwa na picha yake hata moja. Nani kijijini alikuwa na picha siku zile? Mtoto wake wa mwisho wa kike, Nkamba, alianza kubishana na kaka zake kama pengo la mama lilikuwa kulia au kushoto.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Kijiji kile kipya kiliandaa mkutano wa kupokea salamu za wenzetu wa Denmark. Wenzetu walikuwa wametuandikia kwamba wametuma filamu ya salamu zao, na uongozi wa kijiji ukaona ni sherehe nzuri, wakamwalika mgeni kutoka wilayani. Mzee Athumani alikuwa na sheria yake: filamu yoyote lazima tuitazame sisi kwanza. Lakini kifurushi kilikwama Mwanza, kikafika Bariadi asubuhi ileile ya mkutano kwa basi. Tulikipakia kwenye gari kikiwa bado na kamba zake.

Tulionyesha mchana, ndani ya ghala la pamba, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Watu walijaa hadi juu ya mizani. Mgeni wa wilayani alikaa mbele kwenye kiti cha mikono, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati la mikono mifupi, mtu wa kusini ambaye Kisukuma hakukijua. Kwa hiyo siku ile kazi yangu ilikuwa kutafsiri kati ya Mtanzania na Mtanzania. Mzee Mayunga alikaa upande wa akina baba, mstari wa pili, na fimbo yake katikati ya magoti.

Filamu ikaanza vizuri. Theluji. Watoto wanaanguka kwenye theluji, ghala linacheka. Wanachama wa kule wamepanga mstari mbele ya nyumba, wanapunga mikono. Mama muuza maua na maua yake. Mimi naeleza kwa sauti, mgeni anatabasamu.

Kisha picha ikaruka, ikatulia, na kwenye shuka ukasimama ule ua wa minyaa wa kwa Mayunga.

Niliacha kueleza. Ikawa inasikika jenereta tu nje. Ng'ombe wakapita, mmoja baada ya mwingine, na nikasikia gizani mtu akiwataja majina taratibu, yule mweusi, yule wa pembe moja, ambao wengi wao walikuwa wameshakufa au kuuzwa. Zikatokea nyumba za duara na moshi wake. Watu wakaanza kunyoosha vidole: kaya ya fulani ile kule nyuma, ule mti wa kwetu. Halafu kamera ikageuka kwenye jiwe la kusagia, na Milembe akainua uso, urefu wa ukuta mzima, akatutazama sisi sote, akacheka.

Sijawahi kusikia sauti kama ile iliyotoka kwa watu. Nkamba alipiga ukelele wa "Mayu!" akaanguka juu ya jirani yake. Wengine walikimbilia mlango. Mwanamume mmoja, kwa hofu, alirarua gunia dirishani, jua likaingia, na Milembe akafifia palepale, akawa kivuli cha kijivu kwenye shuka. Nilijua ni filamu. Nilikuwepo alipopigwa picha ile, mkono wangu ulikuwa umeshika begi la kamera. Hata hivyo nilirudi nyuma mpaka ukutani.

Ndipo mzee Mayunga akasimama, na kwa sauti ambayo sikujua kama anayo akasema kwa Kisukuma, "Rudisheni giza!"

Gunia likarudishwa. Milembe akarudi.

Mgeni wa wilayani naye alikuwa amesimama. Hakujua ni nani anayeonekana, lakini alitambua kwamba zile ni kaya za zamani zilizobomolewa, na aliona watu wanalia. Akaenda mbele ya mwanga, mikono juu. "Zima!" alimwambia Mzee Athumani. "Zima hiyo! Ndugu, mnafanya nini hapa? Mnawachochea wananchi?"

Mzee Athumani hakuzima. Sidhani kama alikaidi. Alikuwa ameduwaa kama sisi, mkono uko kwenye swichi na haushuki. Na kwa kuwa yule kijana alisimama mbele ya mashine, uso wa Milembe ulikuwa sasa kwenye shati lake, unacheka kifuani pake, pengo na yote.

Mayunga alitembea hadi pale. Alipofika akasema maneno machache, taratibu, akanigeukia mimi. Mgeni naye akanigeukia. "Anasemaje mzee?"

Nikatoa kama alivyosema. "Anasema, sogea, baba. Umesimama juu ya mke wangu."

Yule kijana alitazama chini kifuani. Nadhani hapo ndipo alipoona. Aliruka pembeni kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alikaa sakafuni, si kwenye kiti, sakafuni na akina mama.

Milembe alikuwa bado anazungumza. Mdomo wake ulikuwa unakwenda, mikono inasukuma jiwe, macho kwetu. Mayunga alikuwa amesimama karibu na shuka hata ungedhani ataingia. Bila kugeuka akaniuliza, "Kabula, ulikuwepo. Anasema nini?"

Watu wote wakanigeukia. Na nilikumbuka, kwa sababu siku ile nilikuwa na njaa na Milembe alikuwa amepika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Anasema michembe inapoa," nikajibu. "Anasema, mwambie huyu mama aweke chini hicho kidude chake aje ale, mtu hashibi kwa kuchungulia. Anasema wewe Mayunga ndiye utakayemaliza karanga zote kama kawaida yako."

Ghala likacheka. Wanacheka na machozi yanawatoka, wanaume wanajifuta kwa mikono ya mashati. Mayunga hakucheka. Alimwita Mzee Athumani.

"Msimamishe hapo," alisema. "Akae hivyo hivyo."

Mzee Athumani alimfuata mwenyewe pale mbele, mashine ikiendelea. Alizungumza naye kwa heshima, kama mtu na mkwewe. Alimweleza kwamba picha ile inaishi kwa kupita tu. Taa ya mashine ni kali mno. Ukimsimamisha mtu mbele yake, baada ya muda mfupi anaanza kuungua, kwanza kahawia, halafu shimo, na hapo hapati kuonekana tena. Nilimwona Mayunga akisikiliza, uso wake nusu uko kwenye mwanga wa mke wake.

"Basi," alisema, "mwache apite."

Akapita. Zikafuata picha za barabara, za basi, za Ziwa pale Kiloleli, Inge akirudi kwao. Filamu ikaisha, shuka likawa jeupe, na hakuna aliyesimama. Tuliirudisha mwanzo tukaionyesha tena, na mgeni wa wilayani hakukataza.

Baada ya mkutano aliichukua. Alisema hana budi, ameona watu walivyolia, itabidi iangaliwe. Akaondoka na kopo la filamu chini ya kwapa. Wanachama wa Klabu tulikutana dukani tukiwa na hofu. Fundi cherehani alisema tutafungiwa. Mwalimu mkuu alisema tutafungwa. Mzee Athumani akasema haya ni maneno mawili tofauti na tusiyachanganye kabla ya wakati wake.

Wiki ile ile Mayunga alikuja mjini kwa miguu, amevaa koti. Alitaka tumpeleke kwa yule kijana. Tulikwenda watatu, Mzee Athumani, yeye na mimi. Ofisini yule kijana alituweka kwenye viti, akaanza kueleza kwa upole kwamba vijiji ni jambo la maendeleo, na watu wakionyeshwa kaya za zamani watataka kurudi. Nikatafsiri yote.

Mayunga akajibu, "Kurudi wapi? Minyaa nimeing'oa kwa mikono yangu. Sikuja kudai kaya, baba. Nimekuja kumchukua mwanamke wangu. Hawezi kulala ofisini."

Nilipomaliza kutafsiri neno la mwisho, yule kijana alifunika uso kwa kiganja. Kisha akafungua droo, akatoa kopo, akalisukuma mezani. "Mzee," alisema, "mimi mama yangu yuko mbali sana na hapa. Tangu siku ile nimeshindwa kulivaa lile shati." Akatuomba jambo moja, tusiionyeshe tena kwenye mikutano. Tulikubali, na tulitimiza. Kila baada ya mavuno familia ya Mayunga ilikuja dukani kwa Mzee Athumani, mlango ukafungwa, ikatazama. Nkamba alihakikisha pengo lilikuwa kushoto.

Inge alirudi baada ya miaka kadhaa. Nilikuwa nimemwandikia kuhusu kifo, kwa Kiingereza changu cha kujikaza, na alinijibu kwa mistari michache iliyolowana. Aliposhuka kwenye basi pale Bariadi alikuwa amezeeka. Kamera alikuwa nayo, lakini siku tuliyokwenda kijijini aliiacha kwangu, juu ya kabati. Mayunga alitupokea kwenye nyumba yake ya bati, akatuwekea viti, akaleta mwenyewe bakuli la michembe na karanga. Tulikula. Inge alilia kidogo, akala tena.

Mayunga akamwuliza kupitia kwangu, "Ile picha, na ninyi huko kwenu mnayo?"

Inge akasema wanayo nakala. Kila mwaka wanachama wote wakikutana huanza kwa kuitazama. Ni picha wanayoipenda kuliko zote. Milembe akicheka, nao hucheka. Watoto wanamjua kwa jina. Kuna mzee mmoja mkulima ambaye kila mwaka, akimwona anainua uso, humpungia mkono.

Nilitafsiri, na nilimwona Mayunga akishtuka. Aliweka bakuli chini. Nadhani hakuwahi kufikiria kwamba mke wake yuko mahali, kwenye baridi, katikati ya watu asiowajua, na wanamwita jina.

"Wanajua kwamba amekufa?"

Inge akatikisa kichwa. Alisema ameshindwa kuwaambia. Kila mwaka alisimama aseme, akaona nyuso zao, akakaa. Alikuwa amekuja ili amwombe Mayunga radhi kwa hilo, na akirudi atawaambia.

Nikatafsiri. Mayunga alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Inge, akaongea naye Kisukuma moja kwa moja, kama Milembe alivyokuwa akifanya. Inge akaninong'oneza, "Anasema nini, Kabula?"

Nikamtafsiria.

"Anasema usiwaambie. Anasema, waache waendelee kumsalimia."